Shingo ya Kalenda

Jumatatu, 3 Novemba

Leo nimepewa shikamoo na mwanamke aliyebeba mjukuu mgongoni. Mjukuu! Nikaitikia marahaba huku nimekaza meno. Nilipofika kiwandani nikaenda moja kwa moja kwenye kioo cha chooni, nikageuka upande. Nikaona. Kuanzia kidevuni hadi kwenye kola kuna kitu kinaning'inia. Nikitikisa kichwa, nacho kinatikisika. Nikituliza kichwa, chenyewe kinaendelea kidogo.

Mwaka mwingine ningekisamehe. Mwaka huu hapana. Asubuhi Meneja aliitisha mkutano, tukasimama kati ya mashine kubwa ya kuchapa na marundo ya karatasi, akasema wazi: Januari watu wawili wanatimiza miaka sitini, na kampuni ina nafasi ya kumbakiza mmoja kwa miaka miwili zaidi. Watu hao ni mimi, fundi wa mabamba ya kuchapia, na Shemeji, fundi wa mashine kubwa. Shemeji ni kaka wa mke wangu. Nampenda. Lakini ana taya kama boksi la viatu.

Kisha Meneja akasema jambo la pili, kana kwamba halina uhusiano na la kwanza. Kalenda yetu ya mwaka ujao, ile tunayowagawia wateja, itabeba picha ya mfanyakazi mmoja. Mpiga picha atakuja Ijumaa ya tarehe 14. Tutapigwa mimi na Shemeji. Picha itakayopendeza zaidi ndiyo itakayotoka.

Mimi si mtoto. Nani anachapisha sura ya mtu anayeondoka? Atakayekaa kwenye kalenda ndiye atakayekaa kazini. Niandike ukweli, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu: naogopa. Miaka thelathini na moja nimenusa wino kila asubuhi. Nikikaa nyumbani nitanusa nini?

Siku kumi na moja. Zinatosha kabisa.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeanza na njia ya bure. Kwenye simu nimempata mwalimu wa mazoezi ya uso, kijana mwenye shingo kama nguzo ya umeme. Anasema utazame juu, usukume taya la chini mbele, useme "uuu" kisha "iii", mara hamsini. Nimefanya uani alfajiri. Kwenye "iii" ya thelathini jirani akagonga lango, uso umemjaa huruma, akiuliza nani amefariki. Mke wangu akamwambia hakuna msiba, ni mume wake anatafuta kidevu.

Kufikia saa nne shingo ilikuwa imekaza kweli. Ilikaza hata ikakataa kugeuka. Siku nzima nikiitwa nageuka mwili mzima, miguu ikiwemo. Shemeji akanisifu kwamba leo natembea kama afisa wa jeshi.

Wivu huo.

Jumatano, 5 Novemba

Nimekwenda kwa daktari wa ngozi. Kliniki iko juu ya duka la viatu. Nimepanda ngazi nikiwa nimeinua kola, nikakutana na muuza viatu akishuka, akaniuliza shingo imefanya nini. Nimemjibu upepo.

Daktari ni mama wa makamo, shingo yake ndefu na tulivu. Hakunipa shikamoo. Amesema habari yako. Nimempenda papo hapo. Akanishika chini ya kidevu kwa vidole viwili, akafinya taratibu, kama ninavyopima mimi unene wa karatasi. Akaniambia yanayoning'inia huwa matatu: mafuta, misuli au ngozi. Yangu mafuta ni kidogo. Ngozi ndiyo nyingi.

Nikamwomba anipe dawa zote kwa pamoja, ziwe zimefanya kazi Ijumaa ijayo. Akacheka. Akaona mimi sicheki. Akavuta kiti.

Alivyoeleza ni hivi. Kuna sindano ya kuyeyusha mafuta, lakini kwanza shingo huvimba siku kadhaa, na ngozi iliyozidi haiondoki. Yaani niende na moja nirudi na mbili. Kuna sindano ya kulegeza misuli. Nikamkatiza: mama, hapa tatizo ni kulegea, unanilegeza tena? Akasema hiyo ni ya watu wenye kamba kamba shingoni, mimi sina. Kuna nyuzi zinazopitishwa chini ya ngozi kuivuta, ila ngozi ikiwa nyingi kama yangu hazina nguvu hiyo. Kuna mashine ya mawimbi ya sauti, inapasha joto ndani bila kukata, ngozi inajikaza yenyewe kidogo kidogo. Na kuna upasuaji, ambao kwa ngozi nyingi ndio dawa hasa. Huo una bandeji, uvimbe na wiki kadhaa za kujificha.

Mawimbi! Hayakati, hayavimbishi sana, na jina lake lina heshima. Nikauliza yanachukua muda gani kuonekana. Miezi miwili, mitatu. Nikauliza kama mtu mwenye bidii hawezi kuwahi. Akasema ngozi haijui bidii. Akanishauri nirudi nyumbani, nitulie, nizungumze na mke wangu, kisha niamue. Akasema pia kuwa kwa umri wangu shingo hii ni ya kawaida kabisa.

Ya kawaida. Hilo neno silisahau.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimechora jedwali. Safu ya kwanza, njia. Ya pili, maumivu. Ya tatu, siku za kungoja. Nikampelekea mke wangu jikoni, alikuwa anachambua mchele. Akasoma yote, akauliza mbona hakuna safu ya kuacha kama ilivyo. Nikamweleza habari ya kazi na kalenda. Akaniambia yeye hakuolewa na shingo. Nikamwambia Meneja naye hajaniajiri kwa ajili ya roho.

Akataka kuongeza kitu kuhusu kaka yake. Nikamzuia kwa mkono. Habari za mpinzani sitaki kuzisikia mezani kwangu.

Jana nililala nikiwa na njia tano. Leo nalala nikiwa na moja. Mawimbi. Kuamua ni nusu ya kupona.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimefanyiwa! Kumbe yanauma kidogo, kama kuchomwa na ncha za pini za moto kwenye mfupa. Nilivumilia kiume, isipokuwa mara nne. Muuguzi akanishika mkono mara zote nne.

Tulipomaliza nikaomba kioo. Nikatazama. Nikamwambia Daktari bado. Akasema amenieleza miezi miwili, mitatu. Nikasema najua, ila zimepita dakika kumi, angalau dalili. Akaniandikia kwenye kadi, kwa herufi kubwa, tarehe ya kurudi: Februari.

Nimerudi saa kumi jioni kuulizia tu. Mpokezi akasema Daktari ametoka. Nilimwona kabisa nyuma ya pazia.

Jumatatu, 10 Novemba

Siku tatu. Mawimbi yamelala. Lazima niyasaidie kwa nje.

Mpango wa leo ni wa kitaalamu. Sisi wachapaji hatununui karatasi bila kujaribu mbili pamoja. Basi taya la kulia nimelipaka ute wa yai, la kushoto krimu ya mke wangu, ile ya kopo la dhahabu ambayo nimekatazwa hata kuitazama. Nimefanya wakati wa chakula, ndani ya chumba changu cha mabamba, mlango umefungwa. Ute wa yai ni kiboko! Ukikauka unavuta ngozi hadi sikio linasogea. Sharti ni moja, usifungue mdomo kwa dakika ishirini.

Dakika ya kumi na mbili Meneja akaingia.

Akaniambia amepata wazo. Badala ya kutupiga picha tumesimama kama wafungwa, anataka kila mmoja apigwe kazini kwake. Mimi ningeinamia karatasi, lenzi mkononi, nikikagua rangi. Na nipigwe kutoka upande. Nakubali?

Kutoka upande! Mbele naweza kujitetea, upande ndio nyumba ya tatizo lenyewe. Nilitaka kusema hapana, tena hapana ndefu. Lakini ute ulikuwa umebakiza dakika nane, na ulikuwa unafanya kazi vizuri ajabu. Nikatikisa kichwa kukubali. Akafurahi, akasema anachopenda kwangu ni kwamba sina maneno mengi.

Matokeo ya jaribio: yai limeshinda. Krimu imenitoa vipele. Mke wangu ameuliza nani amegusa kopo lake. Nimemwambia huenda ni panya. Akauliza kama panya huyo ana vipele upande wa kushoto.

Alhamisi, 13 Novemba

Ndiyo nimeupata ufumbuzi, na ulikuwa chini ya pua yangu miaka yote!

Karatasi ya roli ikikatika katikati ya kazi, tunaiunga kwa utepe mwembamba usioonekana. Utepe huo unavuta kilo mia za karatasi kwa kasi bila kuachia. Utashindwa na ngozi ya mtu mmoja? Nimekata vipande viwili. Kimoja nyuma ya sikio hili, kingine nyuma ya lile, vyote nimevifunga kwa mpira kisogoni, juu nikavaa kofia ya kazi. Nikatazama kioo.

Nilikuwa na miaka arobaini! Shingo imenyooka, taya limejichora kama limepigwa rula. Nilikaa mbele ya kioo hicho robo saa. Sijajiona hivyo tangu watoto wakiwa shule ya msingi, na nakiri macho yalinilowa. Huenda ni utepe, ulikuwa unavuta na kope.

Mke wangu akapita, akasimama, akauliza nimeshtushwa na nini.

Ijumaa, 14 Novemba

Siku yenyewe. Shemeji alianza. Akasimama kando ya mashine yake, mkono juu ya mtambo, taya hilo. Mpiga picha akapiga mbili tu, akamwambia asante. Hakujipodoa, hakunyoa vizuri hata. Ningekuwa na taya lile nisingefanya kazi, ningekaa tu barabarani nionekane.

Zamu yangu. Utepe umeshika tangu saa kumi na mbili asubuhi. Nikaketi mezani upande upande, lenzi mkononi. Mpiga picha akasema vizuri sana, sasa mzee inamia karatasi kidogo. Nikainama. Kidogo tena. Nikasikia kisogoni kitu kinalalamika. Kidogo tena, mzee wangu.

Paa!

Upande wa kamera ndio ulioachia. Ngozi yote ya wiki nzima ikarudi nyumbani kwa mkupuo. Mpiga picha alishtuka, kidole kikabonyeza chenyewe, mara tatu. Kofia ilikuwa sakafuni. Shemeji akaiokota, akaona utepe na mpira vinaning'inia sikioni, akanirudishia.

Jioni sikula. Mke wangu alikuja kukaa karibu nami, akanipapasa shingo, palepale penye tatizo. Sikumwondoa mkono.

Jumatatu, 17 Novemba

NIMESHINDA!

Meneja amebandika picha ya kalenda kwenye ubao wa matangazo, na ni yangu! Alizipanga zote mezani, akaonyesha yangu kwa kalamu, akasema hii ndiyo. Watu wakapiga makofi. Shemeji akanikumbatia na kuniambia hongera kwa sauti ya mtu aliyefurahi kweli. Anajua kuigiza.

Kisha nikasogea karibu na ubao.

Mikono mizuri. Jicho limekazana na lenzi, makini. Ukuta mweupe nyuma, safi. Na katikati ya picha, chini ya kidevu, inashuka ngozi yangu yote kuelekea karatasini, kana kwamba nayo inataka kukagua rangi. Nilimkimbilia mpiga picha nikamwomba airekebishe kidogo kwenye kompyuta. Akasema Meneja amekataza, picha isiguswe, anataka mtu halisi.

Nakala elfu mbili. Kwa mwaka mzima, kwenye kuta za wateja wetu wote. Na Meneja akiiona imechapwa, kubwa, si atabadili mawazo? Nafasi niliyoipata kwa shida itaniponyoka kupitia shingoni.

Lakini alichokataza ni kompyuta. Kuhusu mabamba hajasema kitu. Na mabamba ni ya nani?

Jumanne, 18 Novemba

Niandike vizuri, siku moja wajukuu wajifunze akili ya babu yao.

Picha ya rangi haichapwi mara moja. Ina mabamba manne, kila bamba na wino wake: buluu, waridi, njano na nyeusi. Rangi nne zikikaa moja juu ya nyingine ndipo sura inatoka. Na sisi mafundi wa mabamba tuna kalamu ya kufutia, ambayo ukipitisha juu ya bamba, mahali hapo hapashiki tena wino. Kazi yake ni kufuta vumbi na mikwaruzo.

Na shingo.

Nimeingia chumba cha mabamba saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya watu, mabamba yakiwa tayari tangu jana. Bamba jeusi: nimechora mstari wa taya, mzuri, wa ujana, na yote yaliyo chini yake nimeyafuta. Buluu: nimefuta. Waridi: nimefuta. Hakuna sindano, hakuna ganzi, hakuna Februari. Daktari ana njia tano, mimi nina ya sita.

Bamba la njano nimekuta Shemeji keshalifunga kwenye mashine jana jioni. Kulifungua ni kuulizwa maswali. Nikafikiri: njano ni nini? Njano ni rangi yenye adabu, haina kelele. Kwenye karatasi nyeupe nani ataiona? Nimeiacha.

Jumatano, 19 Novemba

Karatasi ya kwanza ilipotoka mashineni, mimi ndiye niliyeinyakua. Sikutaka macho ya watu. Nikakimbia nayo chumba cha mabamba, nikafunga mlango, nikaitandaza chini ya taa.

Lo! Taya! Mstari safi, na chini yake weupe mtupu, hakuna hata kivuli. Nikaiweka lenzi, nikakagua kila nukta. Nikasaini pembeni: ICHAPWE.

Nilipoirudisha, Shemeji alikuwa ameshika karatasi ya pili karibu na dirisha. Akaniita pembeni, akasema shemeji yangu, hebu tazama hapa chini ya kidevu kwanza. Nikamwambia nimeshatazama, nimeshasaini, na kushindwa ni jambo la kawaida, avumilie. Akanitazama. Akasema haya, anayesaini ni wewe.

Akachapa zote elfu mbili. Nilisimama kando nikisikiliza mashine, na kila karatasi iliyodondoka niliisikia ikisema jina langu.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimechukua nakala moja nikampelekea mke wangu saa za chakula. Nikaifungua uani, juani, kwa mikono miwili. Akatazama muda mrefu. Akasema ni nzuri, mikono yangu imetoka vizuri. Kisha akauliza kwa nini nimebeba papai chini ya kidevu.

Nikageuza karatasi.

Njano! Njano tupu, inang'aa, papai bivu limening'inia toka kidevuni hadi kifuani! Moyo ulinishuka hadi kwenye soksi. Papo hapo nikaelewa, na ni jambo ambalo fundi wa siku ya kwanza analijua. Taa za chumba cha mabamba ni za njano, kwa sababu taa nyeupe huunguza mabamba. Na chini ya taa ya njano, wino wa njano hauonekani. Miaka thelathini na moja nawaambia watu rangi haikaguliwi mle ndani. Nilimwandikia mtu barua ya onyo kwa kosa hilohilo.

Nikarudi kiwandani nikikimbia. Njiani nilipanga mipango mitatu. Wa kwanza, kusema ni unyevu. Wa pili, kusema ni mashine, yaani Shemeji. Wa tatu, kuugua. Wa pili ulikuwa mzuri kuliko yote, nikaubeba hadi mlangoni.

Shemeji alikuwa ameketi juu ya ndoo ya wino, akinisubiri. Goti lake la kushoto amelinyoosha, alikuwa analisugua. Elfu mbili zimepangwa kando. Kabla sijafungua mdomo akasema amefikiria. Doa ni la njano na ukuta ni mweupe, ndiyo maana linaonekana. Tuupake ukuta wote njano, iliyokolea, doa litamezwa. Kinachotakiwa ni bamba moja jipya, na zote zipite mashineni mara moja tena. Kama nitatengeneza bamba sasa hivi, saa moja jioni tumemaliza.

Nikasimama. Mpango wa pili nikauacha palepale mlangoni. Nikaenda kutengeneza bamba.

Tulifanya kazi wawili tu, yeye analisha karatasi mimi napokea. Hakuniuliza habari ya kalamu. Mara moja tu alicheka peke yake, nikamuuliza nini, akasema hamna kitu. Karatasi ya kwanza safari hii tulitoka nayo nje pamoja, kwenye mwanga wa jioni. Ukuta wa njano, unawaka. Papai limekwisha. Taya limebaki peke yake mbele ya rangi hiyo, la ujana, la ajabu.

Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Jumatatu, 24 Novemba

Siku kubwa kuliko zote maishani, nikiacha ile ya harusi, na mke wangu akisoma hapa nimeitaja.

Asubuhi Meneja aliichukua kalenda, akaisogeza dirishani. Akauliza nani ameamua kuweka njano. Nilikuwa nafikiria unyevu. Shemeji akasema ni mimi. Yaani mimi, si yeye! Kwa haki, nilikuwa nimesimama karibu. Meneja akasema inaonekana tangu upande wa pili wa barabara, na wateja wawili wameshaomba zao ziwe hivyohivyo. Kuhusu taya hakusema neno. Taya zuri halisemwi, linaonekana tu.

Saa tano akaniita ofisini, akanipa mkataba. Miaka miwili! Nilisaini kabla hajakaa. Ndipo akasema hakutaka niwe na wasiwasi, uamuzi aliufanya tangu Oktoba, na hauna uhusiano wowote na kalenda. Anachotaka kubaki nacho ni jicho langu la rangi. Akasema halijawahi kumkosesha hata siku moja.

Sikumsahihisha. Mkubwa hasahihishwi akiwa na furaha.

Akaendelea: Shemeji mwenyewe ndiye aliyemwomba asiongezewe muda, tangu Septemba. Magoti. Miaka yote ya kusimama kwenye mashine. Ule mkutano ulikuwa wa utaratibu tu, watu wote wasikie.

Nimemuuliza mke wangu kama alijua. Akasema alijua, kaka yake alimwambia, na alitaka kunieleza wakati anachambua mchele. Nikamuuliza mbona hakusisitiza. Akasema mwezi mzima sikio langu lilikuwa wazi kwa habari za shingo tu. Kisha akataja mgema na tembo lake. Sijui alikuwa anamsema nani.

Nimelifikiria jambo hili hadi jioni na nimelielewa. Watu wanasema Oktoba, wanasema Septemba, wanasema magoti. Sawa. Lakini mtu akiona taya linakuja, hujitoa mapema.

Nimepita kliniki na kalenda. Daktari aliitazama kwa makini, akanitazama mimi, akarudi kwenye kalenda. Akauliza nani amefanya kazi hii. Nikasema ni mimi mwenyewe. Akaomba nisimwambie mgonjwa yeyote kwamba nilianzia kwake.

Ijumaa, 5 Desemba

Kesho tunamuaga Shemeji, anaanza likizo ya kustaafu. Leo mashine kubwa imewashwa na mtu mwingine, na mlio si ule. Nimeusikia tangu getini. Miaka yote hiyo alikuwa anaiwasha saa moja na robo, nami nilikuwa nikisikia mlio ule najua siku imeanza na mtu wangu yupo. Nitamkosa. Nimeandika, na sifuti.

Kwa hiyo nimeamua kumpa zawadi anayostahili. Kampuni inatoa bango la shukrani lenye picha yake, ile ya tarehe 14, wateja wote wapelekewe. Mabamba natengeneza mimi. Nikaikuza picha, nikaweka lenzi, na nilichokiona nusura kinitoe machozi. Hata yeye! Boksi la viatu limeanza kulegea pembeni. Kijikunjo kidogo, chini ya sikio. Alikuwa nacho muda wote, na hakuwahi kulalamika.

Mtu aliyenisitiri mimi nimwache aende kwa wateja na kijikunjo? Haiwezekani.

Nimechukua kalamu. Na safari hii nimetumia akili, nimefuta kwenye mabamba yote manne, njano ikiwemo, na karatasi ya kwanza nimeikagua nje, juani. Mimi si mtu wa kurudia kosa. Upande wa kulia ulitoka vizuri, ila ukaufanya wa kushoto uonekane mnene, nikaupunguza. Wa kushoto ukapitiliza kidogo, nikarudi wa kulia. Halafu kivuli kimoja hivi, halafu kingine. Nilipoinua kichwa nikaona kazi imefika mahali ambapo daktari yeyote duniani hajawahi kufika. Kichwa kiko juu, kizuri, kinatabasamu. Shati liko chini. Katikati ni weupe safi.

Hakuna shingo, hakuna kulegea!

Nimechapa mia nne. Mia tatu zimeshatoka na gari la jioni. Yake nimeiwekea fremu na kioo, nitaifunua kesho mwenyewe mbele ya Meneja, mke wangu na watu wote. Namjua Shemeji. Atalia.